Elektroni Hazina Baraka

Benchi letu liko mbele ya duka la Fundi Runinga: ubao mmoja juu ya runinga mbili za kichogo zilizokufa zamani. Asubuhi hiyo Fundi alitoka na simu mkononi, akalipita birika letu la kahawa bila kulitazama. Binti yake amepata kazi kwenye maabara inayorusha elektroni, na hataki kuikubali kabla ya kusikia neno la baba. Mchana ndio mwisho wa kujibu. Badala ya kumjibu mtoto, Fundi akatuuliza sisi. Alikosea hapo.

— Zinarushwa ziende wapi? akauliza Breki, dereva mstaafu wa malori.

— Ndani ya bomba, akasema Fundi. Zinakwenda kwa pamoja, mstari mwembamba kuliko unywele. Sumaku zikizipinda, zinatoa mwanga mkali. Anasema kwa mwanga huo wanaona dawa inavyokishika kirusi.

— Mwendo gani?

— Karibu sawa na mwanga wenyewe.

Breki akatikisa kichwa.

— Haraka haraka haina baraka. Siku moja zitashindwa kukata kona. Mimi kona nazijua.

— Kona si kitu, akasema Diwani, ambaye hajawahi kushinda udiwani. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mwanga unaoona kirusi, nguo itauzuia? Kesho wataona nani hakunipigia kura.

Mimi nikaongeza kwamba wataona hadi mawazo ya wakwe. Sijui maneno hayo niliyatoa wapi, ila yalikubalika.

— Basi nimkataze, akasema Fundi, kwa unyonge ulioniuma.

Dada mkubwa wa Fundi alikuwa amefika kuchukua pasi yake iliyotengenezwa, akasimama kutusikiliza.

— Mdogo wangu, runinga hizi mlizokalia zilikuwa zinachora picha kwa kutumia nini?

— Kwa elektroni, dada. Zinarushwa kutoka kichogoni, zinapiga kioo.

Diwani akajiinua kidogo kwenye ubao.

— Na ulipokuwa unazifungua, nani alikuwa anakushikia tochi? akauliza dada.

— Binti yangu.

— Haya. Kati yenu, nani ameshampa hongera?

Breki akachungulia birika. Lilikuwa tupu. Diwani naye akakumbuka ana kikombe, akakikagua.

Fundi akapiga simu. Binti alipopokea, Fundi akamnyooshea dada yake simu. Dada akaficha mikono nyuma.

— Baba? Umekataa?

— Hongera, mwanangu, akasema Fundi.

Breki akamsogelea.

— Mwambie kwenye kona wapunguze mwendo.