Marehemu Mektilda Tarsis, Mwenye Unga wa Mawese (1938–1983)

Baba Paroko, wazee wetu, majirani wa Msimbazi na wafanyakazi wenzake marehemu, shikamooni. Bwana Safari, meneja wa kiwanda, tunakuona hapo mbele. Karibu, na usiondoke mapema.

Shangazi yetu Mektilda alizaliwa Kibosho tarehe 4 Machi 1938, mtoto wa tatu wa mzee Tarsis na mama Severa.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nane. Huko alipewa kazi ya kugawa kwinini kwa wadogo, nao wakawa wanaitema. Akaanza kuificha ndani ya tonge la ndizi.

"Mektilda, unawadanganya watoto," Sista akamwambia.

"Hapana, Sista. Naudanganya ulimi tu. Tumbo linapata haki yake."

Alipigishwa magoti saa nzima, lakini tangu siku ile hakuna aliyetema.

Alifunga ndoa na Bwana Eliasi, fundi cherehani, tarehe 12 Septemba 1959, wakahamia Dar es Salaam, na huko akaitwa Mama Candida kwa jina la mtoto wake.

Mwaka 1971 aliajiriwa kufagia kiwanda cha vyakula. Kulikuwa na mtambo mrefu kama ghorofa, ulioletwa kukausha maziwa. Maziwa yenyewe hayakuja. Marehemu alijifunza kuuendesha kwa kuwatazama mafundi: unanyunyiza uji mwepesi uwe ukungu ndani ya hewa ya moto, unga unadondoka chini. Wakati huo watoto wa kliniki ya Buguruni walikuwa hawaoni vizuri mara giza linapoanza kuingia, kwa kukosa vitamini A. Mawese mekundu yanayo tele, ila hewa na jua huiharibu. Marehemu akanunua mawese Kariakoo, akayakoroga na gundi ya migunga ya Singida, akayapitisha mtamboni. Kila tone likatoka limevaa koti la gundi. Unga ule ulikaa miezi sita bila kuchacha, na watoto walitiliwa kwenye uji wakanywa.

Sasa tumfikie mgeni wetu. Mwaka 1978 Bwana Safari alilichukua daftari la marehemu lenye vipimo vya unga, eti kulihifadhi. Akaenda nalo kwenye maonyesho, akarudi na cheti chenye jina lake. Marehemu akahamishiwa kuosha chupa. Alipouliza, aliambiwa, "Mama, hapa kila kitu ni cha umma." Kumbe isipokuwa cheti. Bwana Safari akapika unga kwa kufuata daftari, mafuta yakavuja, yakaganda kwenye kuta za mtambo, mafundi wakakwangua wiki mbili. Marehemu alisema atarudi mtamboni siku hiyohiyo, cheti kikibadilishwa jina. Bwana Safari akaona afadhali watoto wakose.

Januari mwaka huu alianza kuugua ini. Wodini akaja mgeni wetu huyu na machungwa manne na kalamu.

"Mama Candida, tulikosea wapi kipimo?"

"Njoo mazishini kwangu, baba. Utasikia pamoja na wenzako."

Alifariki Ijumaa, tarehe 21 Oktoba 1983, saa nne asubuhi.

Basi sikia. Daftari linasema vikombe sita vya gundi na lita moja ya mawese kwa debe la maji. Wewe, mtu wa ofisi, ulipimia kikombe chako cha chai. Kikombe cha marehemu ni cha bati, cha kunywea mbege, kinaingia lita nzima. Gundi yako haikutosha hata kuvisha inzi koti.

Kipimo chote kimechapwa ukurasa wa nyuma wa karatasi ya ibada mliyogawiwa. Mafundi wa mtambo wanacho, kliniki inacho, na kila mwombolezaji anacho. Kamati ya wafanyakazi imekubali kwamba kuanzia Jumatatu paketi zitaandikwa "Unga wa Mektilda". Cheti baki nacho, Bwana Safari, kina ukuta wake.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, Candida na Aristides, wajukuu wanne, na meneja mmoja anayetazama viatu vyake.

Shangazi, pumzika sasa. Mtambo tutauwasha sisi.