Kahawa ya Tisa

Benchi langu liko mbele ya cherehani, pale Igurwa njia inapokata kwenda Kiruruma, na wanaolikalia ni walewale: Byarugaba tunayemwita Keya, kwa kuwa aliwabebea Keya, askari wa Mwingereza, mizigo wakati wa vita vya Mjerumani, Mutalemwa tunayemwita Methali, kwa kuwa anazo nyingi na hajui pa kuziweka, na katekista Desderius. Asubuhi ile alikuwapo pia Kahigi mfugaji, mwisho wa benchi, jembe katikati ya magoti. Mwanawe wa siku mbili alikuwa amefariki alfajiri bila kubatizwa. Desderius aliitwa usiku aje ambatize, akakawia, akamkuta ameshapoa. Padri alikuwa safarini Kaisho, na sheria yake tuliijua: waliobatizwa huzikwa makaburini, ndani ya ua wa minyaa, wasiobatizwa nje. Kahigi alikuwa anamngoja Desderius aseme neno. Mimi nilikuwa nashona sanda, kipande cha amerikani kisichotimia yadi moja, na nilitamani mtu yeyote aseme chochote. Basi Desderius akavuta kikapu cha amwani, kahawa zetu za kutafuna, akachota kiganjani, akachukua na kifungo cha koti kwenye kopo langu. Akavipanga benchini, akasema kifungo ni jua, kahawa ni sayari, kama alivyoziona kwenye picha kwa Padri.

Desderius: Hizi nne za karibu na jua ni ndogo na ngumu, mawe matupu. Utaridi, Zuhura, Dunia yetu, Mirihi. Nne zinazofuata, Mshtarii, Zohali na wenzao, ni kubwa ajabu, zina miezi mingi, lakini ni hewa.

Keya: Hewa? Na mtu akisimama juu yake?

Desderius: Atazama.

Methali: Ndiyo maana wahenga walisema, mpanda ngazi hushuka.

Keya: Ngazi imetoka wapi hapa, Ta Mutalemwa?

Desderius: Hiyo Zohali, Padri anasema ukiitia ziwani itaelea.

Keya: Basi huyo ni ng'ombe aliyevimba tumbo. Kala kisichomfaa.

Methali: Kala nini?

Keya: Miezi. Mshtarii, mnasema, ina miezi chungu nzima. Zuhura je?

Desderius: Zuhura haina hata mmoja.

Keya: Umeona? Nani kaila?

Desderius: Padri hakusema hivyo.

Keya: Padri hakubeba mizigo. Vitani tulipangwa hivihivi. Maofisa karibu na moto, askari nyuma yao, sisi wapagazi huko kwenye umande. Hilo jua lenu ni moto wa kambi tu. Hizo za mbali ni za wapagazi, zimevimba kwa njaa na baridi. Niliwaona wenzangu wanavimba miguu vilevile, halafu asubuhi hawaamki.

Nikaendelea kushona.

Desderius: Tena zinakwenda polepole. Zohali hulizunguka jua kwa karibu miaka thelathini.

Methali: Kawia ufike!

Cherehani yangu ikasimama. Methali akajiziba mdomo, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Kahigi akageuka akamtazama Desderius, kwa mara ya kwanza tangu wakae. Nilimchukia Methali saa ile, na Desderius nilimhurumia, ingawa naye nilikuwa nimemkasirikia tangu alfajiri.

Kahigi: Umepanga nane. Hiyo uliyobaki nayo mkononi?

Ilikuwa punje ndogo, imesinyaa.

Desderius: Hii ya tisa imeonekana miaka michache tu iliyopita. Iko mbali kuliko zote. Si kubwa kama zile za hewa, na haikai na hizi ngumu. Wenye elimu bado hawajui waiweke kundi gani.

Kahigi: Lakini ina jina?

Desderius: Ina jina.

Kahigi: Wangu hakupata.

Hapo akaja Ma Kokugonza, mama yake Kahigi, kufuata sanda. Tukasimama wote kumwamkia shikamoo, akaitikia bila sauti. Akaziangalia zile kahawa.

Kokugonza: Mnacheza?

Keya: Hapana, mama. Ni sayari. Hizi ni za ndani, hizi ni za nje.

Kokugonza: Aliyezipanga alifika huko?

Desderius: Hapana, mama. Hakuna aliyefika.

Kokugonza: Basi alijuaje nani awe ndani na nani awe nje?

Methali alifungua kinywa, akakifunga tena, jambo ambalo sijaliona tangu nimjue. Desderius aliinamia benchi, Ma Kokugonza akamsogelea.

Kokugonza: Maji yalikuwapo mtungini, mwanangu. Tulikungoja wewe.

Desderius: Nilisema kwanza kupambazuke, mama. Nilingoja jua.

Kahigi akasimama, akatia jembe begani.

Kahigi: Sheria ni nje. Nitachimba nje. Lakini kumshusha kaburini, utamshusha wewe.

Nikakata uzi, nikaikunja sanda, nikampa Ma Kokugonza. Hakuichukua. Alinionyesha Desderius kwa kidevu. Nikamgeukia. Kahawa ile ya tisa alikuwa bado nayo mkononi. Akatazama benchi, akatazama kikapu, hakujua aiweke wapi. Akaipokea sanda ngumi ikiwa imefumbwa.