Kompyuta Iliyonyamaza

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, chini ya dirisha la kiduka cha kuchapa, na wenye benchi walikuwa watatu. Soketi, fundi kompyuta, mtu ambaye ukimwomba maji atakueleza kwanza bomba linavyofanya kazi. Subiri, mpiga picha za pasipoti, ambaye miaka saba yote alikuwa karibu kujiundia kompyuta yake, na kila akikaribia akasikia kizazi kipya cha prosesa, ule ubongo wa kompyuta, kiko njiani, akasema tusubiri, jina likamganda. Na Kikombe, muuza kahawa, ambaye hakuwahi kugusa kompyuta lakini hakukubali kushindwa kwa maneno mbele ya birika lake mwenyewe. Mama Chapa, mwenye kiduka, hakuketi nao. Aliwasikiliza kutoka dirishani huku vidole vikichapa barua za watu. Ila wiki ile vidole vilikuwa havina kazi. Kompyuta yake, aliyoiita Kinu kwa jinsi feni yake ilivyonguruma, ilikuwa imeungua mazabodi, yaani ule ubao mkubwa unaobeba viungo vyote vya ndani.

— Mama, nakwambia kama dada yangu, alisema Soketi. Usihangaike na bodi ya zamani. Kizazi kipya kimetoka. Prosesa moja ina viini ishirini! Vikubwa vinane vya kazi nzito, vidogo kumi na viwili vya kazi za jikoni.

— Subiri kwanza, alisema Subiri. Mwakani kinatoka kingine. Ukinunua leo, mwakani tundu la kwenye bodi limebadilika, prosesa haiingii. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo.

— Methali hiyo inaingiaje hapo?

— Inaingia kuliko prosesa yako.

— Sikiliza, wewe. Zamani prosesa ilikuwa na miguu yake. Siku hizi miguu imehamia kwenye bodi.

— Kumbe prosesa sasa ni kiwete, alisema Kikombe, akimimina.

— Mimi naandika barua za kuomba kazi, alisema Mama Chapa. Viini ishirini vya nini?

— Vya ukimya, mama. Hii haipandi joto ovyo. Isipopanda joto, feni inalala. Utafanya kazi kama uko maktaba.

Neno hilo ndilo lililomshika. Miaka sita alikuwa akishindana kwa sauti na Kinu, akiwauliza wateja jina la ukoo mara tatu tatu. Akakubali.

Jumatatu saa nane mchana Soketi akaifunga mashine mpya mahali pale pale pa Kinu, juu ya meza iliyoegemea ukuta wa nyuma. Akabonyeza. Kitaa kikawaka, skrini ikafunguka, na sauti haikutoka. Hata kidogo. Soketi akasimama katikati ya duka, mikono juu, akapaza sauti kama mpiga mnada:

— Sikilizeni! Hata sindano ikianguka humu ndani, utaisikia!

Wote wakanyamaza, wakaisikiliza hiyo sindano. Na katika ukimya ule, kutoka nyuma ya meza, ikaja sauti ndogo.

Ngo. Ngo. Ngo.

— Nini hiyo? aliuliza Mama Chapa.

— Bodi inajikagua, alisema Soketi. Bodi mpya lazima ijikague.

Jumanne ilijikagua mara tano, Jumatano asubuhi mara sita. Daima tatu tatu, daima duka likiwa tupu, na ikinyamaza kila anapoingia mteja mwenye makelele. Mama Chapa akatoka nje kuwauliza wataalamu.

— Ni bati la kasha lake, alisema Soketi. Bati likipata joto linatanuka, likipoa linalia.

— Si ulisema haipandi joto?

— Haipandi ovyo, nilisema.

— Mimi nilionya, alisema Subiri. Kizazi kikiwa kipya kina kasoro zake. Hivyo viini vidogo vimegoma. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na mama wa prosesa ni nani? Si bodi?

— Kuna jambo jingine, alisema Soketi, akishusha sauti, maana sasa alikuwa anasema kitu alichokisoma kweli. Prosesa za siku hizi zinabahatisha. Hazingoji uzipe kazi. Zinatabiri utakachotaka, zinakifanya kabla hujaagiza. Kazi ya baadaye, zinaifanya sasa.

— Kwa hiyo, alisema Subiri polepole, huenda inabisha hodi kwenye mlango ambao bado hatujaufikia.

Kikombe akaweka birika chini.

— Niwaulize wasomi. Hizo prosesa zinatengenezwa na nini?

— Mchanga, alisema Soketi. Wanauyeyusha, wanausafisha…

— Mchanga wa wapi?

— Sijui. Popote.

— Popote, alirudia Kikombe. Na popote ni pamoja na makaburini.

Mama Chapa alirudi ndani, akakaa mbele ya skrini, akasogeza kiti nyuma kidogo. Tangu siku hiyo hakula tena chakula cha mchana dukani. Alikwenda kula kwa dada yake mtaa wa pili, akirudi anasukuma mlango kwa ncha ya kiatu kwanza.

Mchana huo huo wa Jumatano ndipo Mpole alipokuja kuketi. Huyu alikaa nyumba ya nyuma, inayotazama barabara nyingine, na mgongo wa nyumba hiyo ndio mgongo wa kiduka. Nyumba ilikuwa ya shangazi yake. Mpole alisema miaka miwili iliyopita shangazi alihamia kwa bintiye, nchi ya mbali, akamwachia yeye aiangalie. Alikuwa mtu wa kumsalimia kila mtu, hadi watoto wa chekechea, lakini benchini alikuwa hakai. Siku hiyo alikaa saa mbili, akawanunulia wote kahawa.

— Mimi si mtaalamu kama nyinyi ndugu zangu, alisema kwa ile sauti yake laini. Lakini Kinu kilikuwa na kosa gani? Mrudishieni mama feni yake. Mtu huzoea kelele, zikikoma anaanza kusikia visivyokuwepo.

— Kikulacho ki nguoni mwako, alisema Subiri, akimaanisha kwamba prosesa mpya hula umeme kimyakimya.

Kahawa ya Mpole ikamwagika magotini. Akajipangusa, akaomba radhi, akaaga. Kesho yake akarudi na redio kubwa, zawadi kwa Mama Chapa.

— Ikuchangamshe, mama. Ifungulie sauti vizuri.

Mama Chapa alimshukuru sana. Akaifungulia sauti vizuri, na kwa siku kadhaa akawa hasikii kitu ila muziki na matangazo ya sabuni. Akaanza kujicheka. Hata usingizi ukamrudia.

Siku ya tisa tangu mashine ifungwe, akaja mteja mmoja, bibi mwenye miwani minene, kuandikiwa barua kwa mkwe wake. Barua ilikuwa na maneno ya kupima. Akaomba redio izimwe. Mama Chapa akaizima, akaweka vidole tayari.

Ngo. Ngo… Ngo. Zilikuwa hafifu kuliko zamani, na ya tatu ilichelewa.

Bibi akainua uso.

— Mtu anabisha hodi. Humfungulii?

— Hapana, bibi. Ni kompyuta.

Yule bibi akamtazama juu ya miwani, kwa muda, kama unavyomtazama mtoto wa mwenzio aliyesema jambo la aibu mbele za watu. Alimalizia barua yake, akakunja karatasi, akaenda zake. Lakini Mama Chapa alibaki na macho yale. Akajisikia mjinga, na chini ya ujinga ule kulikuwa na hofu ya namna nyingine kabisa.

Akachomoa waya ukutani. Akaibeba mashine mikononi, akatoka nayo nje, akaiweka katikati ya benchi, waya ukining'inia kama mkia. Soketi na Subiri wakasogea huku na huku kuipisha. Mpole naye alikuwepo, kikombe mkononi.

— Kaeni nayo, alisema. Tusikilize.

— Umeme hubaki kwenye bodi kidogo hata ukichomoa, alisema Soketi. Dakika chache hivi. Kwa hiyo hata ikigonga…

— Tusikilize, Soketi.

Wakasikiliza. Jua lilikuwa la saa tisa, mtaa umelala, na mashine ilikaa katikati yao kimya kama mgeni asiyejua lugha. Kisha, kupitia dirisha lililo wazi, kutoka ndani ya duka lisilokuwa na kompyuta, ikaja.

Ngo. Ngo. Ngo.

Soketi aliushika waya uliochomolewa, akautazama.

— Panya, alisema Mpole. Upande wangu wamejaa. Panya wakubwa.

Mama Chapa akaingia ndani. Akaivuta meza, miguu yake ikakwaruza sakafu, akaweka sikio ukutani. Ukuta ulikuwa wa baridi. Akatoa ufunguo wa duka, akagonga mara mbili.

Ngo. Ngo.

Akagonga mara tano. Upande wa pili ukajibu, moja, mbili, tatu, nne. Kisha kimya, kimya kirefu, mpaka akadhani haitakuja. Ikaja. Tano.

Akatoka nje, ufunguo bado mkononi.

— Panya hawajui kuhesabu, alisema.

Kikombe cha Mpole kilikuwa juu ya benchi, kimejaa, kinafuka moshi. Mwenyewe hayupo.

Walizunguka mtaa mbio, Kikombe mbele, birika bado mkononi. Geti la nyumba ya nyuma lilikuwa wazi. Mwisho wa korido kulikuwa na mlango wenye kufuli kubwa la nje, na ufunguo Mpole alikuwa ameondoka nao. (Walimpata baada ya siku nne, kwa rafiki yake, amejificha darini, lakini hayo yalikuja baadaye.) Soketi akatoa bisibisi yake ndogo ya kufungia bodi, akaanza kung'oa skrubu za bawaba, moja moja, huku Subiri akiushikilia mlango usimwangukie. Kwa mara ya kwanza tangu wamfahamu, hakuwa anaeleza anachofanya.

Chumba kilinuka ndoo na nguo zisizoanikwa. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa mbao. Juu ya godoro, mgongo umeegemea ukuta, alikaa mwanamke mzee, mdogo wa umbo, kijiko cha bati mkononi. Juu ya bega lake plasta ya ukuta ilikuwa imechimbika duara la ukubwa wa sahani.

— Shikamoo, shangazi, alisema Mama Chapa, maana hakujua aseme nini kingine.

— Marahaba, alijibu yule mwanamke. Sauti ilikuwa kama karatasi inayokunjwa.

Kando ya godoro palikuwa na karatasi. Mama Chapa aliiokota, na akaijua kabla hajaisoma: ile pambizo pana, ule mstari uliofifia ambao printa yake huuacha kila ukurasa. Aliichapa mwenyewe, miaka miwili nyuma, Mpole amesimama mbele yake anamwita mama, Kinu kinanguruma. Ilikuwa hati ya kumpa Mpole nyumba. Chini kulikuwa na nafasi ya kidole gumba, na nafasi hiyo ilikuwa nyeupe, safi. Miaka miwili mwanamke yule alikataa kuweka kidole.

Wakambeba wakamtoa. Alikataa kungojea polisi ndani ya nyumba ile hata dakika moja, alitaka jua, kwa hiyo wakazunguka naye hadi kijiweni. Subiri akaishusha mashine chini, akatandaza koti lake juu ya benchi. Shangazi akaketi, kiganja juu ya macho. Kikombe akamtilia kahawa, akaweka sukari mara tatu bila kuuliza.

— Mwanzoni nilipiga kelele, alisema, mpaka sauti ikakatika. Lakini ile mashine yenu ilikuwa inanimeza. Nikaacha. Kisha ikazima, siku nne tano hivi, nikadhani mmehama. Ndipo nikamsikia mtu anapaza sauti kwamba hata sindano ikianguka itasikika. Akageuza uso huku na huku, macho bado yamefunikwa, akauliza: Nani alisema vile?

— Mimi, shangazi.

— Nikasema, basi leo. Nikashika kijiko.

Soketi akainamisha kichwa. Ng'ambo ya barabara watu walikuwa wameanza kukusanyika, wanaulizana kwa minong'ono. Shangazi akanywa funda moja, akalishikilia mdomoni, akameza. Akaondoa kiganja machoni. Akamtazama Soketi, kisha Subiri, kisha Kikombe, mwisho Mama Chapa aliyesimama mlangoni na ile karatasi mkononi.

— Siku ile, mlinisikia?

— Tulikusikia, alisema Mama Chapa.

— Na siku zilizofuata?

— Tulikusikia.

Mwanamke akaitikia kwa kichwa, bila hasira, kama mtu anayepanga jambo akilini mwake mahali pake.

— Mlidhani ni nini?

Soketi akamtazama Subiri. Subiri akamtazama Kikombe. Kikombe akalitazama birika. Shangazi akakishika kikombe chake kwa mikono miwili, akangoja, akiwatazama mmoja mmoja kwa adabu.