Fundi Mapazia na Mama Mkwe wa Kituoni

Wazee wetu waheshimiwa, wafiwa wenzangu, majirani wema, wafanyakazi wenzake marehemu na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kutushika mkono, kwa niaba ya familia nawasalimu kwa unyenyekevu, na ninawaomba mnitegee sikio niwasomee maisha ya mama yangu mdogo, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Mapazia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, kitinda mimba wa karani wa stoo na mkunga, akasoma shule ya msingi iliyopakana na nyumba yao, akahitimu ushonaji katika chuo cha ufundi mwezi Novemba 1988, na mwaka uliofuata akaajiriwa katika chumba cha ushonaji cha hospitali, ambako alishona mapazia ya wodini, yale yanayotenganisha kitanda na kitanda, akitamba kwa utani kwamba yeye huwagawia wagonjwa vyumba na hadai kodi.

Alifunga ndoa tarehe 6 Agosti 1994, akajaliwa binti mmoja mwaka 1997, na katika nyumba ile alikuta mambo mawili, kipigo cha mume na mapenzi ya mama mkwe, mama aliyesimama kati yao mara nyingi, akamkaripia mwanawe mbele za watu, hata wapita njia wakadhani mkwe pale ni yule mwanamume.

Tarehe 9 Juni 2009, mkono wake ukiwa umefungwa plasta, alikwenda mahakamani, akapewa amri ya ulinzi iliyomkataza mume kumkaribia yeye na binti yake, nyumbani, kazini au shuleni, yeye mwenyewe au kwa kumtuma mtu, na amri hiyo iliwaokoa, hilo nalisema bila kumung'unya maneno, kwani mume alipothubutu kufika langoni pa hospitali alikamatwa, wala hakurudia. Lakini usalama ule ulikuja na ukimya wake, kwa kuwa alihamia chumba cha ghorofani ambacho wachache walikijua, ndugu wakaogopa kuingizwa kwenye kesi, mashoga wakapungua mmoja mmoja, na alipoulizwa kwa nini haolewi tena alicheka, akajibu kwamba cherehani yake inapiga kelele lakini haijamgusa, kisha akafunga mlango, akala chakula chake akitazamana na ukuta.

Mama mkwe naye aliambiwa na mwanawe kwamba mahakama imeupiga marufuku ukoo mzima, na kwamba akimsogelea mkaza mwanawe atafungwa, naye, asiyejua kusoma na anayetetemeka akiona sare ya askari, alisadiki. Siku moja alimfuata mjukuu wake kwa mbali alipotoka shule, akapajua wanapokaa, na tangu hapo akawa anakuja kituo cha basi kilicho mkabala na nyumba, anaketi, anainua macho dirishani, mabasi yanakuja na kuondoka naye hapandi. Fundi alipomwona alidhani ametumwa kupeleleza, akavuta pazia, ila kila alipokwenda kuhuisha ile amri hakumtaja, kwa kuona haya kumshtaki mzee aliyempenda, basi wakaishi hivyo miaka nenda miaka rudi, mmoja juu, mmoja chini, kila mmoja akiamini ametupwa na mwenzake.

Mwezi Septemba mwaka jana marehemu aligundulika kuwa na saratani ya ini, akalazwa, ikambidi binti yake, sasa mtu mzima, aende kuihuisha amri, na karani wa mahakama alipouliza kama wapo jamaa wa baba yake wanaowasumbua, akamtaja bibi wa kituoni.

"Huyo hakuzuiwa na mtu," alisema karani. "Unataka kujua kama katumwa? Si umuulize!"

Binti alikwenda moja kwa moja kituoni, akamsalimu, akamuuliza kama baba ndiye anayemtuma.

"Anitume nani, yule? Hata chumvi hanitumi!" alimaka bibi. "Ondoka mjukuu wangu, tusije tukafungwa sote."

Binti akamweleza kwamba amri haimhusu yeye, akamchukua hadi hospitali. Bibi alipofikishwa wodini, marehemu alimwambia, "Mama, nilikuwa nakufungia pazia."

"Na mimi nilijifanya nasubiri basi. Haya, sogea nami nikae."

Muda wao ulikuwa mfupi, na mwingi wake ulikwenda na usingizi wa dawa, hadi tarehe 2 Februari mwaka huu, mchana, mama mkwe akiwa ametoka kutafuta maji ya kunywa, marehemu akakata roho peke yake.

Ameacha binti mmoja, ambaye mahakama ingali inamlinda, hivyo tunawasihi mnaotaka kumleta baba yake makaburini kwa nia ya kuwapatanisha, mwacheni amzike mama yake kwa utulivu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, wenzake wa chumba cha ushonaji, pamoja na yule karani. Fundi wetu, kazi umeimaliza, sasa pumzika, na amani iwe nawe.

Haya ya kituoni sisi jamaa hatukuyajua. Aliyenisimulia wa kwanza ni mama mkwe wake, yule pale karibu na mlango, ambaye asubuhi hii tulimpa kiti cha mbele akakikataa, akitunong'oneza kwamba hana hakika kama anaruhusiwa.