Mgongo wa Abdinur

Hii ni Sauti Kuu ya Mto Tana! Inawafikia kutoka Wenje hadi Kipini, Waorma na Wapokomo, binadamu na ng'ombe! Kwa kweli inafika jikoni tu, maana kipaza sauti cha bwalo letu la shule kina waya mfupi. Uledi, acha kugonga sahani. Leo kuna marehemu.

Wasikilizaji wapendwa, tunamkumbuka Abdinur, mfugaji wa Garsen. Alipopiga mluzi, alikuja ng'ombe mmoja tu, yule aliyeitwa. Mafuriko ya mwaka wa 1997 yakawachukua ng'ombe wake wote.

Ndipo akaja mgeni na kanda za kaseti. Kanda zilisema vita ni ibada. Zilisema pia kuwatibu wagonjwa kwa chuma cha moto, kama afanyavyo Darmi, mama yake Abdinur, ni ushirikina. Abdinur akaacha kula kwa mama yake.

Mama Darmi alisema: "Nilimchoma akiwa mchanga, akapona. Leo ananiita mshirikina kwa mdomo uleule."

Mgeni alipowataka vijana wavuke mpaka wakashike bunduki, Abdinur alikataa. Narudia: alikataa, akarudisha kanda. Lakini jina lake lilikwisha kufika kwa askari. Mwaka uliofuata walimchukua. Walitaka majina ya waliovuka. Hakuwa nayo.

Alirudi akitembea kama ndama wa jana. Shati lilikuwa limeganda mwilini. Mpwa wake, aliyekuwa likizoni, alilibandua kwa maji ya uvuguvugu. Yeye peke yake ndiye aliyeuona mgongo.

Abdinur akalala kifudifudi. "Mama, nichome."

Ndivyo alivyoomba radhi. Na mama, kwa furaha na machozi, akachoma kila palipouma. Palikuwa pengi. Daktari alipofika, alikuta alama za chuma.

Abdinur alifariki kabla ya Ramadhani. Mama akaenda kortini kuwashtaki askari. Wakili wa askari akasimama: "Mheshimiwa, huyu mama amemchoma mwanawe mwenyewe."

Hakimu akauliza: nani aliuona mgongo kabla ya chuma? Mpwa tu. Kwa masikitiko makubwa, wasikilizaji, mpwa huyo hajulikani aliko. Wengine husema ameliwa na mamba.

"Galma."

Samahani, wasikilizaji. Mlangoni amesimama Mwalimu Mwaringa, naibu wa mkuu wa shule.

"Huyo mamba amekutapika lini? Nyanya yako yuko ofisini. Amekuja na lori kutoka Garsen. Kesi inaendelea kesho."

Basi. Wasikilizaji wapendwa, mpwa ni mimi. Nawaogopa askari. Namwogopa zaidi hakimu, asiponiamini. Si mimi niliyetangaza hapa kwamba kiboko ameingia bwenini, mkalala madarasani?

Pole, nyanya. Poleni wote wa nyumba ya mjomba. Nanyi mnaokula, fikirini: mwongo akiona ukweli peke yake, aufiche wapi?

Mwalimu, niazime shati safi. Kesho nitaanza hivi: Naitwa Galma. Mgongo wa mjomba ulikuwa na mistari ya waya, na matundu ya sigara katikati. Nyanya yangu hana waya. Wala havuti sigara.