Dada wa Simu za Dharura

Kwenye treni ya asubuhi nilikaa nyuma ya sajini na dada anayepokea simu za dharura katika kituo chao cha polisi. Masikio yangu hayana adabu.

"Dada, ukionekana kwa mshauri nasaha, wakubwa wanakuhamishia getini. Mwenzetu alienda, sasa anafungulia magari."

"Basi nitafungua geti! Yule mama alikata roho nikiwa naye kwenye simu, kaka. Hata nikioga namsikia."

"Basi pita mlango wa nyuma."

"Kwani naenda kuiba? Leo naingia kwa mbele, na sare yangu, na nitawasalimia wote kwa sauti. Wewe unayelia chooni, twende!"

Behewa zima tulijifanya tunasoma simu.

Treni ikasimama, dada akashuka. Sajini, anayeshukia hapohapo, alinyanyuka, akaketi, akanyanyuka tena.