Mama Bernadeta na Vibarua Wake wa Kompyuta

Tarehe 30 Juni 1999, baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi, Mama Bernadeta Chenge anastaafu hapa Igoma, katika kampuni yetu ya barafu. Alianza kama mpokea simu. Biashara huria iliporuhusiwa nchini na viwanda vya samaki kuongezeka, alipelekwa Nairobi kusomea kompyuta, akarudi na kutengeneza ukurasa wa mtandao wa kuagizia barafu.

Mteja akiagiza, ukurasa humjibu papo hapo, akaendelea na shughuli zake. Kazi yenyewe, kama kutuma faksi ghalani na kuandaa ankara, hufanywa kwa nyuma na programu ndogo ndogo ambazo Mama anaziita vibarua. Nakiri kwamba wiki yangu ya kwanza nilizunguka nyuma ya ofisi nikiwatafuta hao vibarua niwasalimie.

Shida ilikuwa umeme. Ukikatika na kurudi, vibarua wote waliamka pamoja wakagombea laini moja ya simu. Siku moja faksi haikutoka, boti ya kisiwani Nansio ikaondoka bila barafu, sangara wa wavuvi wakaoza. Wenzangu wanasema Mama alilia.

Dawa aliipata nyumbani kwake, ambako asubuhi wajukuu humwamkia mmoja mmoja, mkubwa kwanza. Akawapanga vibarua hivyo hivyo: wa faksi ya barafu aamke kwanza, wa ankara afuate. Anayekwama anaondolewa, kazi yake inarudi kwenye foleni, mwingine anaichukua.

"Mama, hata mashine unazifundisha shikamoo?" alitania Revocatus wa ghalani.

"Na zinashika haraka kuliko wewe."

Tangu tusikie anastaafu, hofu yetu ni moja: umeme ukikatika naye hayupo, itakuwaje? Jumatatu hii ukakatika, boti ya Nansio ikisubiri. Uliporudi, sote tukamgeukia. Akakumbatia kikombe chake cha chai, hakusogea.

"Mimi nimeshastaafu," akasema, ingawa siku zake zilikuwa bado.

Mara faksi ikalia ghalani, na Revocatus akapaza sauti, "Nansio hiyo! Pakieni!" Mama akaomba sukari.

Asante, Mama. Haya nisingeweza kukuambia uso kwa uso. Nenda nyumbani kwako Kiseke upumzike. Wajukuu waje kukuamkia mmoja mmoja, nawe sasa uwe na muda wa kuwaitikia wote.